JOHN KEMP STARLEY: FUNDI ALIYEISHUSHA BAISKELI CHINI

Kila mwaka katika jarida hili la chama chetu husomwa maisha ya watu mashuhuri, na mara nyingi huwa ni wafalme, marais na mashujaa wa vita. Mwaka huu nimeomba nafasi nimsimulie mtu ambaye hakuwa na jeshi wala kiti cha enzi. Alikuwa fundi. Jina lake ni John Kemp Starley. Amekaa kaburini zaidi ya miaka 120 sasa, lakini nina hakika kila mmoja wenu amewahi kupanda kazi ya akili yake, au alibebwa juu yake alipokuwa mtoto mdogo.

Kabla ya kumfikia, niruhusuni kwanza niwaeleze jinsi nilivyokutana naye.

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Kutoka kwetu hadi hapa shuleni ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na wakati wa mvua ni zaidi ya hapo, manake udongo wetu wa Siongiroi mnaujua. Kinachoniokoa ni baiskeli ya babu. Babu yangu, ambaye kwa lugha ya nyumbani tunamwita kugo, alikuwa mchuma majani chai kule Kericho katika ujana wake. Mwaka wa 1979 alirudi nyumbani akiisukuma baiskeli hiyo, nyeusi ti, fremu ikiwa bado imeviringwa karatasi za dukani. Watu wa boma zima walitoka kuitazama. Tangu siku hiyo ilibeba maziwa, ikabeba mahindi ya kusagwa, ikambeba shangazi yangu usiku wa manane alipokwenda kujifungua. Babu alipoishiwa na nguvu za magoti, alinikabidhi mimi, siku ile ile nilipopata nafasi ya kidato cha kwanza.

Basi muhula wa kwanza mwaka huu, mkono wa pedali wa kushoto, ule ambao mafundi wetu huita krenki, ulianza kulia ko, ko, ko kila nilipokanyaga. Nilisikia, nikajifanya sikusikia. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, nami nikaujenga. Asubuhi moja nikipanda mlima na mtungi wa maziwa nyuma, krenki iliteleza, mguu ukakosa pa kukanyaga, na mimi, baiskeli na maziwa tukajikuta mtaroni. Maziwa yote yalimwagika. Nilifika shuleni saa tatu na nusu, nimechafuka mithili ya ng'ombe aliyetoka kwenye tope, na mtihani wa Hisabati ulikuwa umekwisha.

Niliipeleka kwa fundi mmoja. Aligonga na kugonga ile pini inayoshika krenki mpaka ikapinda na kichwa chake kikatandazika kama uyoga, kisha akaniambia nirudi nayo nyumbani, ati imekwisha. Baba alipoitazama alisema siku hizi ni za pikipiki, na kwamba Jumamosi mnunuzi wa vyuma chakavu angepita, atamwuzia kwa kilo. Babu alikuwa ameketi mlangoni. Hakusema neno. Aliitazama tu baiskeli yake, kisha akaitazama miguu yangu.

Wenzangu, nilielewa hesabu hiyo vizuri kuliko ile ya mtihani. Nauli ya pikipiki ya kila siku hatuna. Baiskeli ikienda na mizani ya vyuma, mimi nabaki na miguu, na anayefika darasani saa tatu kila siku ya mvua hafiki mbali. Ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa na siku tano.

Nilipiga moyo konde nikamwendea mwalimu wetu wa Fizikia. Hakunicheka. Alinitolea kitabu kimoja kikuukuu kuhusu historia ya mashine, akaniambia nisome kwanza kwa nini krenki iko pale ilipo, halafu ndipo nishike nyundo. Usiku huo, kwa mwanga wa taa ya sola, nikakutana na John Kemp Starley.

Starley alizaliwa tarehe 24 Desemba 1854, mkesha wa Krismasi, mahali paitwapo Walthamstow, karibu na jiji la London nchini Uingereza. Baba yake, John Marshall Starley, alikuwa mtunza bustani. Kwa hivyo huyu hakuzaliwa na kijiko cha fedha mdomoni. Mwaka wa 1872, akiwa kijana wa miaka 17 hivi, alifunga virago vyake akaenda mji wa Coventry kufanya kazi na ami yake, James Starley.

Coventry wakati huo ulikuwa mji wenye majeraha. Watu wake wengi walikuwa wameishi kwa kufuma riboni za hariri na kutengeneza saa. Biashara ya riboni ilianguka miaka ya 1860, na njaa ikabisha hodi. Lakini mji ulibaki na kitu kimoja ambacho hakianguki upesi, yaani mikono iliyozoea kazi ndogo ndogo za makini. James Starley alikuwa fundi wa cherehani. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1860, kampuni ya cherehani aliyofanyia kazi ilianza kuunda baiskeli, na kijana John Kemp alipofika, alikuta mji mzima unajifunza kazi mpya.

Hapa yafaa nirudi nyuma kidogo, manake bila kujua krenki ilitoka wapi hatuwezi kujua Starley aliihamishia wapi.

Mwaka wa 1817, Mjerumani mmoja, Karl Drais, aliunda chombo cha magurudumu mawili kisichokuwa na pedali hata kidogo. Mpandaji alikaa katikati akasukuma ardhi kwa miguu, kama mtoto anavyocheza. Miaka ya 1860 Wafaransa, miongoni mwao Pierre Michaux na Pierre Lallement, wakatia krenki. Lakini walizitia kwenye ekseli ya gurudumu la mbele. Yaani krenki na gurudumu vilikuwa kitu kimoja. Ukizungusha pedali mara moja, gurudumu nalo linazunguka mara moja, basi, hakuna nyongeza.

Sasa fikirini. Kama unataka kwenda mbali zaidi kwa mzunguko mmoja, utafanya nini? Njia ni moja tu, kuongeza ukubwa wa gurudumu. Ndivyo walivyofanya. Gurudumu la mbele likakua na kukua mpaka likafika kifuani mwa mtu, na la nyuma likabaki dogo kama sinia. Waingereza waliipa jina la sarafu zao mbili, peni na fathingi, kwa sababu moja ilikuwa kubwa na ya pili ndogo. James Starley na mwenzake William Hillman walikuwa hodari wa kuunda baiskeli za namna hiyo. Ile yao iliyoitwa Ariel ilikuwa na spoku za waya zilizovutwa, nyepesi na imara. Kijana John Kemp alifanya kazi nao kwa miaka kadhaa akiziunda hizo hizo.

Zilikuwa baiskeli za fahari, lakini za hatari. Mpandaji alikaa juu kabisa, karibu na gurudumu la mbele. Jiwe dogo likiingia, au breki ikishikwa kwa nguvu, chombo kizima kilipinduka mbele na mpandaji akaanguka kwa kichwa. Mtu mfupi hakuweza kupanda, kwa sababu miguu haikufika. Mzee hakuthubutu. Mwanamke mwenye gauni refu la nyakati zile ndiyo kabisa. Baiskeli ikawa mali ya vijana wa kiume, warefu, wenye nguvu na pesa.

Mwaka wa 1877 John Kemp aliacha kazi ya ami yake, akaanzisha biashara na mpenzi mmoja wa baiskeli aitwaye William Sutton. Walianza na baiskeli za magurudumu matatu, ambazo watu wazima walizipenda kwa kuwa haziangushi mtu. Kufikia mwaka wa 1883 bidhaa zao ziliitwa Rover, maana yake mtembezi asiyetulia mahali pamoja. Ami yake alikuwa amekwisha kufariki mwaka wa 1881, na mji wa Coventry ukamjengea mnara wa kumbukumbu. Mtu mwingine angetosheka kukaa katika kivuli cha ami maarufu. John Kemp hakukaa.

Miaka mingi baadaye, mwaka wa 1898, alialikwa London kuzungumza mbele ya wataalamu wa chama kilichoitwa Society of Arts, akaeleza jinsi alivyofikiri. Nami nilipolisoma wazo hilo niliona ni rahisi hata nikajiuliza kwa nini wengine hawakuliona. Hakuanza na chuma. Alianza na mtu. Alijiuliza mpandaji akae umbali gani kutoka ardhini ili asiogope. Akajiuliza kiti kiwe wapi ukilinganisha na pedali, ili mguu utumie nguvu zake zote. Akajiuliza usukani uwe wapi ili mikono isaidie miguu. Na la nne, akajiuliza krenki ziungwe vipi na gurudumu, ili kasi isitegemee tena ukubwa wa gurudumu. Alipopata majibu ya maswali hayo ya mtu, ndipo akachora chuma kinachoyafuata.

Jibu la swali la nne ndilo lililoleta mageuzi. Alizing'oa krenki kutoka kwenye gurudumu, akaziweka katikati ya fremu, chini ya mpandaji, kwenye ekseli yao wenyewe. Kisha akaunganisha gurudumu la meno la krenki na lile la nyuma kwa mnyororo. Mnyororo mzuri ulikuwepo tayari, kwa sababu mwaka wa 1880 Mswisi Hans Renold aliyeishi Manchester alikuwa ametengeneza mnyororo wa viungo vyenye bushi na rola, wenye nguvu na usioisha upesi. Tena, Starley hakuwa wa kwanza kufikiria mnyororo wa nyuma. Mwingereza mwenzake, Harry Lawson, alijaribu mwaka wa 1879, lakini chombo chake hakikupata wanunuzi. Mgala muue na haki yake mpe. Starley alichofanya ni kuviweka vyote mahali pake mpaka chombo kikakubali.

Nilitaka kuhakikisha mwenyewe. Niliichukua baiskeli ya babu nikahesabu meno. Mbele kuna 48, nyuma kuna 20. Nikigawa napata 2.4, yaani kila krenki ikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka mara 2 na zaidi. Gurudumu lenyewe lina kipenyo cha sentimita 71 hivi. Kwa hiyo kila mzunguko wa mguu wangu unanipeleka mita 5 na kitu. Kama ningekuwa na baiskeli ya zamani, yenye krenki kwenye gurudumu la mbele, na nikataka mwendo huo huo, ningehitaji gurudumu la sentimita 170. Hilo ni refu kuliko mimi! Miguu ya nani ingefika? Meno machache ya chuma na mnyororo yamefanya kazi ambayo hapo awali ilihitaji mguu wa twiga.

Baiskeli hiyo ya Rover ilionyeshwa kwa watu mwaka wa 1885. Ya kwanza ilikuwa bado na gurudumu la mbele kubwa kiasi, lakini mwaka huo huo aliirekebisha, magurudumu yakakaribia kulingana na usukani ukaunganishwa moja kwa moja na uma wa mbele. Waliozoea kukaa juu waliidharau. Waliona ni chombo cha kutambaa, karibu na matope. Starley hakugombana nao kwa maneno. Septemba 1885 yaliandaliwa mashindano ya barabarani, na mpandaji wa Rover akavunja rekodi ya maili 100. Baada ya hapo kicheko kilipungua.

Ilibaki shida moja. Magurudumu madogo yenye mipira migumu yalimtikisa mpandaji mpaka meno yakagongana. Dawa ilitoka kwa daktari wa mifugo, John Boyd Dunlop, huko Belfast, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1880 alitengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Tairi la Dunlop lilipokutana na umbo la Starley, kwisha maneno! Viwanda vingine viliiga kote kote, na ile ya gurudumu kubwa ikaingia makumbusho. Wanawake wakapanda, wazee wakapanda, posta na wauza maziwa wakapanda.

Starley mwenyewe hakulala. Mwaka wa 1888 alijaribu kuunda chombo cha magurudumu matatu kinachoendeshwa kwa umeme. Sisi tunaoona pikipiki za umeme zikianza kuingia Kenya tunadhani ni jambo la jana! Mwaka wa 1889 biashara ikawa na jina lake peke yake, J. K. Starley na Kampuni, na mwaka wa 1896 ikageuka kuwa Rover Cycle Company.

Sasa nirudi kwenye mtaro wangu. Katika maisha ya Starley kuna jambo moja ambalo vitabu hulitaja kwa upesi, lakini kwangu lilikuwa ndilo kubwa. Alipoitenganisha krenki na gurudumu, hakuleta usalama na kasi tu. Alirahisisha matengenezo. Katika baiskeli ya zamani, gurudumu lilikuwa ndilo mguu, ndilo ekseli, na ndilo usukani pia. Kiungo kimoja kikiugua, mwili wote unalala. Katika umbo la Rover kila kiungo kilipewa kazi yake. Gurudumu linabingirika, mnyororo unavuta, usukani unaelekeza, krenki inasukuma. Rimu ikipinda unaitoa, krenki haiguswi. Krenki ikilegea unaishughulikia, magurudumu yanakusubiri. Baiskeli ya babu haikuwa imekwisha, kama nilivyoambiwa. Ilikuwa na ugonjwa wa kiungo kimoja, na kiungo hicho kina urefu wa kidole.

Krenki za baiskeli nyeusi kama yetu zinashikwa na pini ya chuma iliyochongwa ubavu mmoja, mfano wa kabari. Pini hupita kwenye tundu la krenki na kubana ubapa uliokatwa kwenye ekseli. Nati ndogo huivuta ikae. Ikilegea kidogo tu, kila unapokanyaga chuma kinasaga chuma, na hiyo ko, ko, ko ndiyo kilio chake. Ukisikia siku hiyo hiyo ukakaza, umepona. Ukingoja kama mimi, utakwenda mtaroni.

Jumatano jioni nilimwomba babu anisaidie. Uso wake ulichanua. Kwanza alinituma mafuta ya taa, tukamwagia ile pini iliyopinda tukaiacha ilale nayo usiku kucha. Alhamisi tulikata kichwa kilichotandazika kwa tupa. Kisha babu akanionyesha kosa lililofanyika. Ukiigonga pini bila kuegemeza krenki, nguvu za nyundo zinaishia kwenye goroli za ekseli, pini haisogei na goroli zinaumia. Tena mapigo mengi madogo ndiyo yanayotandaza kichwa. Tuliweka kipande cha bomba la chuma chini ya krenki, tundu la bomba likiwa sawasawa na mahali pini itatokea, na upande wa chini wa bomba ukiwa juu ya gogo. Nikashika nyundo nzito. Pigo la kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu, pini ikaruka chini kama panzi. Babu alicheka mpaka akashika mbavu.

Ijumaa baada ya masomo nilipita dukani na pini ya zamani mfukoni, kama babu alivyonishauri, manake zipo za unene tofauti, na iliyo nyembamba kidogo haibani. Pini mpya ilikuwa ya bei ndogo kuliko nauli ya pikipiki ya kwenda na kurudi shuleni siku moja. Fikirini, baiskeli nzima ilikuwa inakwenda kuuzwa kwa kilo kwa sababu ya kitu hicho!

Jioni hiyo niliitia. Mara ya kwanza niliielekeza vibaya, na pedali mbili zikakataa kukaa katika mstari mmoja, moja ikawa kama mtu anayechechemea. Nikaitoa, nikaigeuza. Pini mbili, ya kulia na ya kushoto, zapaswa kutazama pande zinazopingana pedali moja ikiwa juu na nyingine chini. Nikachonga ubapa wake kwa tupa polepole mpaka ikakaa vizuri, nikaigonga, nikakaza nati kwa spana, nikatia grisi. Vyombo vyangu vyote vilikuwa nyundo, spana, tupa, bomba na gogo la kuni.

Jumamosi asubuhi mnunuzi wa vyuma alifika na mizani yake. Baba alitoka nje. Mimi nilikuwa nimeamka mapema, nikaipanda baiskeli nikaizungusha uani mara moja, mara mbili, mara tatu. Hakukuwa na ko, ko, ko. Kulikuwa na sauti ya mnyororo tu. Baba alisimama, akatazama, hakusema kitu. Kisha aliingia jikoni, akatoka na mtungi wa maziwa, akaufunga mwenyewe kwenye keria. Mnunuzi alibeba jembe bovu na sufuria mbili zilizotoboka, akaenda zake. Nilipofika mwisho wa njia niligeuka, nikamwona babu bado amesimama langoni.

Siku ya pili niliikaza tena ile nati, manake pini mpya hukaa zaidi baada ya kukanyagwa. Mpaka leo kila Jumapili jioni naikagua. Baiskeli haijawa mpya, kiti kimechanika na rangi imetoka, lakini sijachelewa tena kwa sababu yake.

Siku hizi kuna baiskeli zenye krenki zisizo na pini. Zimebanwa kwa boliti mwishoni mwa ekseli. Ni nyepesi na hazilegei upesi, sikatai. Lakini kuzitoa kunahitaji kifaa maalum cha kuvutia, na fundi wa kijijini asipokuwa nacho, mwenye baiskeli ataisukuma mpaka mjini. Ndipo nikaona kwamba anayebuni chombo inafaa amkumbuke na yule atakayekitengeneza kikiharibika, mbali na kiwanda, akiwa na nyundo na spana tu. Siyo kila aliye mjanja wa kuunda hukumbuka hivyo.

John Kemp Starley alifariki ghafla tarehe 29 Oktoba 1901, akiwa na umri wa miaka 46 tu. Hata nywele hazijawa nyeupe! Mwezi wa Desemba mwaka huo huo, reli iliyotoka Mombasa ilifika kando ya Ziwa Victoria, mahali tunapopaita Kisumu leo. Mwenye umbo alikuwa ameondoka, lakini njia ya umbo lake kuja kwetu ilikuwa imefunguliwa. Baada yake, kampuni ya Rover iliunda pikipiki kuanzia mwaka wa 1902 na magari kuanzia 1904. Mwaka wa 1948 likatoka lile gari ambalo wazee wetu walilijua kwa machifu na polisi, Land Rover. Jina la baiskeli ya mwana wa mtunza bustani likawa limefika mpaka kwenye vilima vyetu. Na huko Poland, mpaka leo, neno la kawaida la baiskeli ni rower, kutokana na jina lile lile.

Huku kwetu Afrika Mashariki, umbo lake ndilo lililotulea. Miaka ya 1960, vijana wa Busia walianza kuwavusha watu kwa baiskeli kutoka mpaka wa Kenya hadi wa Uganda, na hapo ndipo jina la bodaboda lilipozaliwa. Hata pikipiki za leo, zilizochukua kazi hiyo, hebu zitazameni vizuri. Magurudumu mawili yanayokaribia kulingana, kiti katikati, usukani mbele, mnyororo unaovuta gurudumu la nyuma. Ni yeye yule.

Wenzangu, nimejifunza mambo mawili kutoka kwa mtu huyu. La kwanza, ukubwa wa kazi ya mtu haupimwi kwa jinsi ilivyopanda juu. Wenzake walishindana kuongeza kimo cha gurudumu, yeye akalishusha, na aliposhuka yeye ndipo watu wengi walipopanda. La pili, kitu unachoweza kukitengeneza mwenyewe ndicho chako kwelikweli. Kile usichoweza kukifungua umekiazima tu, hata kama risiti ina jina lako.

Kwa hiyo, mwenye baiskeli inayolia ko, ko, ko asijifanye kiziwi kama nilivyofanya. Anione wakati wa mapumziko. Bomba ninalo, na nyundo babu hanikatazi.



Mwandishi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu.